Mwalimu Mpya: Kutoka Kujitazama hadi Kumtazama Mtoto

Katika malezi ya mwalimu imo safari ya ndani ambayo wazazi wengi hawaioni. Mtafiti Mmarekani Frances Fuller, aliyeandika juu yake mwaka 1969, pamoja na waliomfuata, hutaja hatua tatu.

Kwanza, mwanachuo aliyepelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha hujihangaikia mwenyewe: Je, watoto watanitii? Mkufunzi ataniona vipi? Kwake, darasa lililo kimya ndilo darasa jema.

Pili, huihangaikia kazi: andalio la somo, zana, muda wa kipindi, wingi wa madaftari ya kusahihisha.

Tatu, humhangaikia mwanafunzi: nani hajaelewa, na kwa sababu gani?

Hapa Ndama, na kote Karagwe na Kyerwa, hatua hii ya tatu ina uzito wa pekee. Mtoto aliyelelewa kwa Kinyambo hufika darasa la kwanza na kufundishwa kwa Kiswahili. Kimya chake chaweza kuwa ugeni wa lugha tu. Mwalimu ambaye bado anajitazama atakiona kuwa utulivu au uzito wa akili. Na mtoto akishaitwa mzito, huanza kuamini hivyo.

Safari hii haikamiliki kwa miaka kupita tu. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, taifa lilihitaji walimu wengi kwa haraka. Kuanzia 1976, vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha vijijini huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta na redio. Kijana wa namna hiyo alihitaji sana mwalimu mzoefu wa kumwongoza, na mwanachuo wa leo anamhitaji vivyo hivyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Basi, wapendwa waamini, mwanachuo afikapo katika shule yetu, tusingoje kikao cha wazazi. Twende tumweleze lugha ya nyumbani, afya ya mtoto na umbali anaotembea. Tukifanya hivyo, tutamsaidia kuinua macho kutoka kwenye andalio lake na kumwona mtoto aliyeketi nyuma.