Viking: ndege ya kazi zote iliyokosa mrithi

Tarehe 1 Mei 2003, Rais George W. Bush alitua kwenye manowari ya kubebea ndege ya USS Abraham Lincoln, karibu na pwani ya California, akiwa amevalia sare ya rubani. Kamera zote zilimwelekea yeye. Ndege iliyomleta, S-3 Viking, ilikuwa imeshazoea kutotazamwa.

Kampuni ya Lockheed iliirusha kwa mara ya kwanza Januari 1972, nayo ilipewa kazi moja tu: kusaka nyambizi za Kisovieti. Ilibeba watu 4, kompyuta, na maboya 60 ambayo yalidondoshwa baharini kunasa mlio wa mitambo ya nyambizi. Mvumo wa injini zake 2 uliwafanya mabaharia waiite Hoover, kwa jina la ile mashine ya kufyonza vumbi.

Lakini ndege pana tumboni, tena inayokaa angani saa nyingi, haikosi kuongezewa kazi. Chache ziligeuzwa za mizigo na barua. Nyingine 16 zikawa ES-3A Shadow, za kudukua mawasiliano ya adui. Katika Vita vya Ghuba vya 1991 Viking zilidondosha mabomu. Machi 2003 moja ilifyatua kombora Basra, ikilenga yoti ya Saddam Hussein.

Umoja wa Kisovieti ulipokwisha kusambaratika, mitambo ya kusakia nyambizi iling'olewa, na Viking ikawa hasa ndege ya kugawa mafuta. Kwangu mimi, hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Chukua usiku mmoja: rubani wa ndege ya kivita amekosa waya wa kumdaka sitahani, mara ya kwanza, mara ya pili, mafuta yanaisha na nchi kavu iko mbali. Juu yake Viking inazunguka. Inateremsha mpira mrefu wenye kikapu nchani, rubani anachomeka mrija wake humo, anajaza, anarudi kujaribu tena.

Miaka ya 1990 jeshi la majini la Marekani lilipanga kuunda ndege moja ya kurithi Viking pamoja na ndege za rada na za mizigo. Mpango ukafutwa. Viking zilipoondoka manowarini mwaka 2009, mafuta yalishabebeshwa Super Hornet, ndege ya kivita ya bei kubwa, ambayo saa zake za kuruka zinaliwa na kazi ya utingo.

Juni 2021, MQ-25 ya Boeing, ndege isiyo na rubani iliyoundwa kwa kazi hiyohiyo ya kugawa mafuta, iliijaza Super Hornet mafuta angani kwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata NASA, iliyokuwa na Viking ya mwisho kuruka, iliistaafisha.