Santuri na Sakafu za Unguja

Maongezi haya yahusu chombo ambacho wazee wetu walikipenda sana, nacho ni gramafoni. Unguja neno santuri lilitumika kwa sahani na kwa mashine yake pia. Habari za aliyekibuni nitazipitia upesi. Jambo nitakalokaa nalo ni adui wa chombo hiki, naye ni mtikisiko: jinsi unavyopanda kutoka sakafuni hata kwenye sindano, na jinsi mtu awezavyo kuuzuia pasipo kupoteza fedha zake bure.

Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alifanya mashine ya kwanza iliyoweza kuishika sauti na kuirudisha. Sauti hiyo iliandikwa juu ya mwanzi uliozungukwa na karatasi ya bati. Miaka 10 baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner akaleta sahani bapa, yenye mfuo mmoja mrefu uzungukao kutoka ukingoni mpaka karibu na kati. Katika mfuo huo sauti imechorwa kama njia ya nyoka mchangani, ikienda huku na huku. Sindano hupita katika njia hiyo, nayo hutetema. Mtetemo hufika kwenye kipande chembamba cha ulanga kilichomo ndani ya kichwa cha gramafoni, na kipande hicho huusukuma upepo wa baragumu mpaka masikioni mwetu.

Angalieni basi: sindano haijui kitu kingine ila kutikiswa. Ikitikiswa na mfuo, tunasikia wimbo. Ikitikiswa na mguu wa mtoto apitaye chumbani, nao huo huuandika upevuni vilevile kama sauti. Ikitikiswa zaidi huruka nje ya mfuo, na pale inapoanguka huacha mkwaruzo usiofutika.

Sahani za zamani zilifanywa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, iliyochanganywa na unga wa mawe. Unga huo ulitiwa kwa makusudi, ili uinoe sindano ya chuma ifuate umbo la mfuo. Ndiyo sababu ya kubadili sindano kila upande wa sahani ulipokwisha. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, na ile ya inchi 10 ilichukua wimbo wa dakika 3 hivi tu. Ilikuwa ngumu, na tena ikianguka ilivunjika kama kigae.

Nakitaja kigae kwa sababu habari ya santuri za Unguja haiwezi kusimuliwa bila ya binti mmoja wa wafinyanzi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa, yapata mwaka 1880. Mama yake alifinyanga vyungu, naye binti akivichukua mpaka mjini kuviuza, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba taarabu kwa wapigaji hodari. Kabla yake taarabu ilikuwa ya majumba makubwa: Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka mtu Misri kujifunza muziki, na mwaka 1905 chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mjini. Siti aliimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa Ng'ambo na wa mashamba, nao wakamsikiliza kwa kuwa aliyasema yao.

Mwezi wa Machi 1928 yeye na wenziwe walivuka bahari mpaka Bombay, wakaimba mbele ya chombo cha kunasia sauti. Sahani zao zikarudi na karatasi yenye picha ya mbwa asikilizaye baragumu, zikaenea pwani na bara. Mtu asiyekuwa na gramafoni alikwenda kuzisikia dukani au kwenye baraza la kahawa. Siti alifariki mwaka 1950. Sauti yake tumeachiwa katika mifuo ile, nazo sahani nyingine zimebaki chache mno. Ndiyo maana nasema mtikisiko si jambo la mchezo. Sindano ikiruka juu ya sahani isiyo na ya pili, mstari mzima wa wimbo waweza kuharibika kwa kila atakayezaliwa baadaye.

Sasa tuzitazame nyumba. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita na zaidi. Dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Boriti hazipatikani ndefu kupita kiasi, hivyo upana wa chumba huwa yapata dhiraa 6, yaani mita 3 kasoro, na vyumba huwa virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha chokaa, nayo zamani ilipondwa kwa vigongo siku nyingi, watu wakiimba kazini. Sakafu ya namna hiyo ikiwa nzima ni nzito, wala haitikisiki upesi. Lakini boriti zikiliwa na mchwa, au zikioza kwa maji ya paa linalovuja, sakafu hulegea. Mtu akivuka chumba utaona maji yanacheza katika bilauri iliyo mezani. Na nyumba zilizotiwa sakafu za mbao hutikisika zaidi.

Mashamba ni kinyume chake. Nyumba ya udongo na makuti ina sakafu ya ardhi iliyoshindiliwa, na ardhi haichezi kama ubao. Hapa mwanakijiji wa Makunduchi amemshinda tajiri wa ghorofani, wala hakulipa kitu! Atie bamba zito la jiwe juu ya ardhi, meza fupi juu yake, na kazi kubwa imekwisha.

Gramafoni ya zamani, ile ya kutia ufunguo, ilivumilia mengi. Kichwa chake kiliilemea sahani kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, nao uzito huo uliishikilia sindano. Taabu yake ilikuwa ndani ya sanduku: kamani na magurudumu yake hutetema yenyewe. Mafundi waliweka vipande vya mpira kati ya mtambo na ubao, na mpira mwingine nyuma ya kichwa. Mpira, kama mjuavyo, hauvipendi joto na miaka. Hukauka, hugeuka mgumu kama kwato, na kichwa huanza kutoa mlio wa kukwaruza. Mwenye gramafoni ya babu yake, kabla hajaitupa kwa kusema imekufa, na autazame mpira huo kwanza.

Mwaka 1948 zikatokea Marekani sahani mpya za plastiki, zizungukazo mara 33 na thuluthi kwa dakika, zenye mfuo mwembamba sana. Mikono yake ilikuwa myepesi. Siku hizi sindano huielemea sahani kwa gramu 2 hivi. Sauti ilitengenea, lakini wepesi ule ulileta udhaifu, maana sasa hata mguu laini humtoa msafiri njiani. Likaongezeka balaa la pili. Sauti sasa yatoka katika spika za umeme zenye nguvu. Mlio mzito wa spika hutikisa sakafu, sakafu hutikisa meza, meza hutikisa sindano, sindano huupeleka mtikisiko ule tena kwenye spika, nao hutoka mkubwa kuliko kwanza. Mzunguko huo huzaa mngurumo usiokoma, mpaka mtu apunguze sauti. Kwa hiyo kanuni iliyo rahisi kuliko zote ni hii: usiweke spika na mashine ya sahani juu ya meza moja.

Wanafunzi, fanyeni jaribio. Kateni ukanda mrefu wa mpira wa ndani wa baiskeli, fungeni embe mwishoni, kisha shikeni juu lining'inie. Inueni na kushusha mkono polepole: embe litaufuata mkono. Ongezeni mwendo kidogo: mtafika mahali embe litarukaruka kuliko mkono wenyewe. Ongezeni tena mpaka mkono utetemeke upesi sana: embe litakaa karibu kimya. Katika embe hilo imo elimu yote ya vifaa vya kuzuia mtikisiko. Kila kitu kilichowekwa juu ya springi au mpira kina mwendo wake wa asili. Mtikisiko wa upesi kuliko mwendo huo huzuiwa. Ulio sawa nao hukuzwa. Ulio wa polepole hupita kama ulivyo.

Mwaka 1961 Edgar Villchur wa Marekani aliuza mashine ambayo sahani na mkono wake vilielea pamoja juu ya springi tatu laini. Ilisifiwa kwa kuwa hata ikipigwa kwa nyundo ndogo wimbo haukukatika. Lakini springi laini zina mwendo wa polepole, na nyayo za watu nazo huenda polepole. Mashine ya namna hiyo juu ya sakafu ya mbao iliyolegea yaweza kucheza kama mashua isiyo na shehena. Mbele ya spika ni ngome. Mbele ya nyayo si kitu.

Basi atakaye kununua vifaa hivi aulize kwanza adui yake ni nani. Kama ni nyayo, dawa iko ukutani wala haiko miguuni mwa chombo. Ukuta wa Mji Mkongwe hautikisiki kwa mtu apitaye. Kidaka chenye kina cha kutosha ni mahali pazuri kuliko meza yoyote, na kama kina hakitoshi, ubao juu ya vyuma viwili vilivyoshikwa na jiwe lenyewe, si na lipu tu, utafaa. Asitoboe lakini mapambo ya kale. Mji huo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na tundu la ukutani halizibiki likasahaulika.

Kama adui ni spika, mpira au springi chini ya mashine vyafaa, ila vichaguliwe kwa uzito. Mpira uliolemewa mno hubanwa ukawa kama jiwe. Ulio chini ya mzigo mwepesi haubonyei, nao pia huwa kama jiwe. Miguu yenye ncha kama msumari, iuzwayo kwa bei kubwa, huunganisha chombo na sakafu imara; haikitengi nayo. Mtu wa kipato kidogo achukue mpira wa ndani wa baiskeli ndogo, autie upepo kidogo tu, aulaze chini ya ubao mzito, na juu yake aweke mashine. Asawazishe kwa pima maji, maana sahani iliyoinama huuvuta mkono upande mmoja.

Tangu sahani ndogo za mwanga zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, na baadaye nyimbo kuwekwa katika simu zisizo na kitu kizungukacho, wengi wameyasahau haya yote. Lakini nyimbo za sahani za lakiri hazitaingia katika simu mpaka sindano ipite juu yake tena, na kila ipitapo hula kidogo. Atakayeinakili sahani ya namna hiyo aisafishe vumbi, atafute sindano inayolingana na mfuo wake mpana, aiweke mashine kidakani au chini juu ya ardhi, aifanye kazi usiku magari yalipopungua njiani, na awazuie watoto wasikimbie ghorofani mpaka upande wa pili umekwisha.