Manowari iliyopewa silaha isiyodanganya

Haya wasomaji wangu, leo tuache programu kidogo tuzungumze historia. Msishangae lakini tukijikuta tumerudi palepale.

Nilipokuwa chuoni niliwahi kuandika programu iliyonitesa wiki nzima. Ikifaulu, iliandika "sawa". Ikishindwa, iliandika "sawa" vilevile. Nimeikumbuka hivi majuzi nikisoma habari za manowari ya Marekani, USS England.

Jina lisikuchanganye, haikuwa ya Waingereza. Ilipewa jina la John C. England, afisa kijana aliyekufa tarehe 7 Desemba 1941 katika meli ya Oklahoma pale Pearl Harbor. Alikuwa ametoka salama, akarudi ndani mara kadhaa kuwatoa wenzake, mara ya mwisho hakutoka. Zilibaki siku nne atimize miaka 21.

Manowari yenyewe ilianza kazi tarehe 10 Desemba 1943 huko San Francisco. Ilikuwa ndogo, urefu wa mita 93 hivi, ya kusindikiza misafara na kuwinda nyambizi. Ila ilibeba silaha iliyoitwa Hedgehog, yaani kalunguyeye.

Hapa ndipo penye utamu. Silaha ya zamani ya kuua nyambizi ilikuwa mapipa ya baruti, yaliyodondoshwa nyuma ya meli na kulipuka yakifika kina kilichopangwa. Tatizo la kwanza: sona, mtambo unaotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi, hupoteza nyambizi meli inapoikaribia sana. Unadondosha kwa kubahatisha. Tatizo la pili: pipa hulipuka liwe limepata au limekosa. Bahari inachafuka kwa kelele, sona haisikii kitu, nyambizi inatoroka. Ni ile programu yangu kabisa: "sawa, sawa, sawa".

Kalunguyeye alirusha mabomu madogo 24 mbele ya meli, wakati sona bado inaisikia nyambizi. Na bomu lililipuka likigonga tu. Ukisikia mlipuko, umepata. Ukimya maana yake umekosa, na maji yametulia, kwa hiyo unasahihisha na kurudia.

Mei 1944 Wamarekani walikuwa wakisoma ujumbe wa siri wa Wajapani, wakajua nyambizi I-16 inapeleka chakula Buin, kisiwani Bougainville. Tarehe 19 Mei England iliipata. Ilishambulia mara tano kabla ya kuizamisha. Mashambulizi mengi ya awali yalijibiwa na ukimya, na kila ukimya ulisahihisha lililofuata.

I-16 si ngeni kwa bahari yetu. Mwaka 1942 ilishiriki shambulio la Diego Suarez, Madagaska, kisha ikazamisha meli za mizigo katika Mlango wa Msumbiji, wakati Kilindini ilikuwa ngome ya meli za Waingereza. Na kabla ya hapo ilikuwa Pearl Harbor, siku ileile aliyokufa kijana England.

Baadaye ikajulikana kwamba Wajapani wamepanga nyambizi saba kwa mstari kaskazini mwa visiwa vya Admiralty. England na wenzake wawili, George na Raby, wakaupitia mstari huo kama mtu anayekagua foleni. Tarehe 22 Mei ikazama RO-106, tarehe 23 RO-104, tarehe 24 RO-116, tarehe 26 RO-108, na tarehe 31 RO-105. Zaidi ya mara moja wenzake walianza wao wakakosa, England ikaitwa ikapata. Nyambizi sita kwa siku 12! Hakuna manowari nyingine iliyofanya hivyo katika vita ile.

Tusishangilie sana. Katika zile nyambizi sita hakuokoka mtu hata mmoja. Na England nayo ilifikiwa na zamu yake. Tarehe 9 Mei 1945, karibu na Okinawa, rubani wa Kijapani aliibamiza ndege yake ubavuni mwa meli. Watu 37 walikufa au kupotea, 25 wakajeruhiwa. Ilirudishwa Philadelphia kutengenezwa, vita vikaisha kabla kazi haijakamilika. Mwaka 1946 ikauzwa kama chuma chakavu.

England haikuwa kubwa, wala hodari wake hawakuwa wachawi. Walijua waanzie wapi kutafuta, walikuwa na subira, na walikuwa na chombo kilichowaambia ukweli walipokosea. Wenye mapipa nao walikuwa mashujaa, ila chombo chao kilipiga kelele ileile siku zote.

Ile programu yangu niliirekebisha kwa mstari mmoja tu: ikishindwa, isiseme "sawa". Nenda ukaangalie yako inasemaje.