Nafasi ya Bomba: Ekzosi za Kubadilisha na Ufinyu wa Injini katika Ford Mustang za Miaka ya 1960

Tangu miaka ya 1960, mafundi wa magari ya Marekani wamehangaika na ufinyu wa nafasi kati ya mabomba ya ekzosi na viungo vinavyoyazunguka, na gari linaloonyesha chimbuko la tatizo hilo kwa uwazi mkubwa ni Ford Mustang za kati ya 1964 na 1970. Mwenye Mustang aliyetaka nguvu zaidi aling'oa manifoldi ya kiwandani, yaani kipande cha chuma cha kusubu kinachopokea moshi kutoka kwenye silinda, akafunga heda, ambayo ni fungu la mabomba marefu ya chuma, kila silinda ikiwa na bomba lake. Mara nyingi aligundua kwamba bomba jipya linagusa mitambo ya usukani, linaikaribia stata kupita kiasi, au linagonga bodi dereva anapokanyaga mafuta. Lawama zilimwangukia mtengenezaji wa heda, lakini asili ya migongano hiyo ni maamuzi yaliyofanywa kiwandani kabla Mustang yenyewe haijachorwa, na fundi anayeyafahamu maamuzi hayo ndiye anayeweza kurekebisha bila kuliharibu gari.

Manifoldi ya kiwandani ilibuniwa kwa kuzingatia gharama, utulivu wa sauti na ufupi. Ilikumbatia ubavu wa injini ili ipite popote, ikaunganisha moshi wa silinda zote nne za upande mmoja ndani ya chumba kifupi, ambamo msukumo wa silinda moja huweza kuzuia utokaji wa moshi wa silinda nyingine. Heda huondoa kizuizi hicho kwa kuipa kila silinda njia yake hadi mabomba yanapokutana, na urefu wake ukipimwa vizuri, wimbi la mgandamizo linalosafiri ndani ya bomba husaidia kuuvuta moshi uliobaki. Faida hiyo yote inategemea urefu na mikunjo mipana, na hivyo ndivyo vitu ambavyo gari lililobanwa halina pa kuviweka.

Ufundi huu ulizaliwa kusini mwa California, kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage katika jangwa la Mojave, ambako vijana walishindanisha magari yaliyopunguzwa uzito na ambako chama cha Southern California Timing Association, kilichoundwa mwaka 1937, kilisimamia mashindano. Injini waliyoipenda ilikuwa V8 ya Ford ya 1932, ambayo moshi wake ulipita ndani ya bloki kabla ya kutoka kupitia matundu matatu kila upande. Magari yale yalikuwa na chesisi iliyojitenga na bodi, na boneti zake ziliweza kuondolewa kabisa, kwa hiyo fundi aliyekunja mabomba kuelekea nje alikuwa na uwanja mpana wa kufanyia kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara ya vipuri vya mwendo ilikua haraka: jarida la Hot Rod lilianza Januari 1948, na mwaka 1963 watengenezaji wa vipuri hivyo wakaunda chama chao, SEMA. Kufikia wakati huo heda ziliuzwa zikiwa tayari ndani ya boksi, zimetengenezwa kwa kutumia gari moja la mfano, na mnunuzi alitarajia zitaingia katika gari lake bila marekebisho yoyote.

Matarajio hayo yalikutana na umbo jipya la magari. Ford Falcon, iliyotolewa kwa mwaka wa modeli wa 1960 kama gari dogo la bei nafuu, ilijengwa kwa mtindo wa bodi na chesisi kuwa kitu kimoja, na injini yake ya kwanza ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa takriban lita 2.4. Springi za mbele ziliwekwa juu ya mkono wa juu wa magurudumu, ndani ya minara ya bati nene iliyoinuka pande zote mbili za injini na kuingia katika chumba chake. Kwa injini nyembamba ya silinda sita minara hiyo haikuwa na madhara, tena ilikuwa na kazi kubwa, kwa sababu uzito wa mbele wa gari na mapigo ya barabara vilipokelewa hapo. Baadaye Mustang za kuuzwa nje ya Marekani zilifungwa kiunganishi imara zaidi kati ya minara na ukuta wa nyuma wa injini, dalili kwamba kiwanda chenyewe kiliujua mzigo uliobebwa na minara hiyo.

Mustang ilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, ilirithi msingi wa Falcon, pamoja na V8 ndogo za Ford ambazo bloki zake zilisubiwa kwa kuta nyembamba ili zipungue uzito na upana. Injini ya ujazo wa inchi 289, karibu lita 4.7, iliingia kati ya minara, lakini nafasi iliyobaki ubavuni ilitosha manifoldi fupi tu. Mjenzi wa magari ya mashindano Carroll Shelby alipoigeuza Mustang kuwa GT350 mwaka 1965, alitumia heda zinazokusanya mabomba manne kuwa mawili, kisha mawili kuwa moja, mpangilio unaofaa mahali penye msongamano, na nguvu iliyotangazwa ikapanda kutoka farasi 271 hadi 306, heda zikiwa miongoni mwa mabadiliko yaliyochangia. Mwaka 1967 Ford iliipanua Mustang kwa inchi 2.7, sawa na milimita 69 hivi, ili ipokee injini kubwa ya inchi 390, ila upana huo ulimezwa na injini yenyewe. Mwaka 1969 ilipotakiwa kuingiza injini ya Boss 429, yenye vichwa vipana mno, kazi ilipelekwa kwa kampuni ya Kar Kraft huko Brighton, Michigan, ambako minara ilisogezwa nje na betri ikahamishiwa kwenye buti. Kiwanda kilikiri kwa vitendo kwamba minara ile ilikuwa imefikia kikomo chake.

Mahali pa kuliona tatizo hili kwa karibu ni chini ya gari, upande wa kushoto. Hapo mabomba manne hushuka katika upenyo mwembamba kati ya bloki na mnara, kisha hukutana na vitu vitatu kwa mpigo: boksi la usukani na fito zake, mtaimbo wa klachi unaovuka kutoka kwenye bloki hadi kwenye fremu, na, katika magari yenye usukani wa haidroli, silinda ya kusaidia usukani pamoja na vali yake. Ndiyo maana watengenezaji wa heda walianza kuuza kibano cha kuishusha silinda hiyo ili bomba lipite juu yake. Upande wa kulia kuna stata, ambayo huchoshwa na joto la bomba lililo karibu nayo.

Urekebishaji bora ulianza kwa kutafuta sababu kabla ya kushika nyundo. Raba za injini zilizochakaa huiacha injini ilale, na kushuka kwa milimita chache kunatosha kulaza bomba juu ya fito ya usukani. Kwa hiyo fundi makini alibadilisha raba kwanza. Alikumbuka pia kwamba injini hujipinda inapovuta, upande wa kushoto ukiinuka, na kwamba chuma hurefuka kwa joto: bomba la mita moja likipata nyuzi joto 500 za Selsiasi zaidi, huongezeka takriban milimita 6. Bomba linalopita bila kugusa likiwa baridi na injini imezimwa linaweza basi kugonga barabarani. Ili kupima, alibandika udongo laini wa kufinyangia mahali penye mashaka, akauzungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari, kisha akaukata udongo na kuupima unene uliobaki.

Pale ambapo nafasi haikupatikana kwa njia hiyo, mafundi waliupasha moto ubavu wa bomba hadi ukawa mwekundu, wakaubonyeza kwa chuma cha duara. Mbonyeo wa kina kidogo, wenye kingo laini, hupunguza njia ya moshi kwa kiasi kidogo tu, ilhali pigo la nyundo juu ya chuma baridi huacha kona kali ambayo baadaye hupasuka. Wengine walibadilisha mtaimbo wa klachi kwa kebo au haidroli, na hivyo wakafungua njia nzima ya upande wa kushoto. Kuukata mnara bila kuuimarisha kulibaki kosa kubwa kuliko yote, kwani bati lililoondolewa ndilo lililokuwa limebeba springi.

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya 1970, na vichujio vya kemikali vilivyoanza kufungwa kwa wingi katika magari ya modeli za 1975, vilibana biashara ya heda kwa magari mapya, na ufundi huu ukazidi kuegemea magari ya kale. Wakati huohuo Mustang II ya 1974 ilikuja na mfumo wa mbele usiohitaji minara mirefu, na mfumo huo ukaigwa katika seti zinazowawezesha wajenzi kuiondoa minara ya zamani na kuweka fremu mpya mahali pake. Seti hizo humaliza ufinyu, lakini pia hufuta alama ya jinsi Ford ilivyolipata gari lake la ndoto kutokana na gari la bei nafuu.

Kwa anayehifadhi gari la kale, tofauti kati ya marekebisho yanayoweza kuondolewa na yale ya kudumu ina uzito. Raba mpya, kibano kinachofungwa kwa bolti na bomba lililobonyezwa vinaweza kuondolewa, na gari likarudi kama lilivyotoka kiwandani. Mnara uliokatwa haurudi. Ndiyo sababu utaratibu wa kuanza na kipimo, kufuata na kinachofunguliwa kwa spana, na kuuacha msumeno uwe wa mwisho kabisa, unastahili kufundishwa kwa kila fundi anayekabidhiwa gari la namna hii.