Plau Yenye Kutu na Lugha ya Uhunzi

Neno plau liliingia katika Kiswahili pamoja na kifaa chenyewe katika enzi ya ukoloni, nalo limetokana na Kiingereza. Kwa hiyo ni rahisi kuhitimisha kwamba historia ya plau nchini Tanzania ni historia ya ukopaji tu: zana ya kigeni yenye jina la kigeni. Hitimisho hilo huelekea kufaa kwa plau mpya. Kwa plau iliyoliwa na kutu halitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya kuifufua huelezwa kwa msamiati uliotangulia ujio wa plau.

Msamiati huo una mizizi katika uhunzi wa kale. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, na ukoo wa Washana huko Upare ulijulikana kwa ufuaji wa chuma. Chuma kilichotoka ng'ambo kilipoenea, uyeyushaji ulififia, lakini ufuaji haukukoma. Wahunzi waligeukia vyuma chakavu, zikiwemo springi za magari.

Baada ya uhuru, plau zilitengenezwa nchini, hasa katika kiwanda cha UFI cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986 yaliviweka viwanda vya aina hiyo katika hali ngumu. Pale vipuri vilipoadimika au kupanda bei, mkulima mwenye maksai na plau mbovu alimwendea mhunzi.

Kazi ya mhunzi ina utaratibu wake. Nati zilizogandana na bolti hulowekwa kwa mafuta ya taa, au hupashwa moto ili zitanuke na kulegea. Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya au mchanga, hasa kwenye bapa linalogeuza udongo, kwa kuwa bapa lenye mikwaruzo hunasa tope na kuwachosha ng'ombe. Ncha inayochimba ardhi huwekwa motoni, na mvukuto huvukutwa hadi chuma kiwe chekundu. Kisha hushikwa kwa koleo, hulazwa juu ya fuawe na kufuliwa kwa nyundo mpaka ukingo uwe mwembamba, ndipo hutiwa makali kwa tupa.

Katika maelezo hayo, nati, bolti na brashi zimetoka katika Kiingereza, lakini kitenzi kinachobeba kazi yenyewe ni cha Kibantu. Fua ni mzizi mmoja na ule unaoonekana katika mũturi wa Kikikuyu na mupfuri wa Kishona, maneno yote mawili yakimaanisha mhunzi. Kando yake kipo kitenzi subu, chenye asili ya Kiarabu, yaani kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu.

Tofauti ya vitenzi hivyo ni tofauti ya maarifa. Mwaka 1803, Robert Ransome wa Ipswich, Uingereza, alipata hataza ya ncha ya plau ya chuma cha kusubu ambayo upande wake wa chini ulipozwa ghafla ukawa mgumu. Upande wa juu uliisha upesi zaidi, hivyo makali yalijinoa yenyewe shambani. Ncha ya aina hiyo haifuliki, ikigongwa huvunjika. Ncha ya pua, kinyume chake, huweza kurudishwa motoni mara nyingi. Mhunzi asiyetambua chuma cha kusubu na cha kufua huharibu alichokusudia kukiokoa.

Hapa ndipo lilipo jukumu la wanaleksikografia. Kamusi inayoeleza kuwa fuawe ni kipande cha chuma cha kufulia imesema kweli, lakini haijaonyesha fuawe hufanya kazi gani baada ya mvukuto na kabla ya tupa. Mpangilio huo umehifadhiwa katika mikono na vinywa vya mafundi. Mhunzi anapoondoka bila mwanagenzi, plau huishia kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na maneno ya kazi yake hubaki kamusini bila mtu wa kuyatumia. Kuyakusanya karakanani, pamoja na hatua za kazi yenyewe, ni sehemu ya utafiti wa Kiswahili sawa na ukusanyaji wa mashairi na methali, na inafaa kufanywa wakati mafundi hao wangali hai.