Karatasi Tupu ya Tungue na Kisanduku cha Kompyuta

Wataalamu wa programu za mazungumzo huzungumzia kisanduku cha maandishi kana kwamba ni jambo jipya kabisa: mahali patupu, andika utakalo, utajibiwa. Joseph Weizenbaum aliwapa watumiaji wa ELIZA nafasi ya namna hiyo mwaka 1966, na tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 imefika hata katika simu za wanafunzi wetu. Kwa upande wa Kiswahili, tunaona historia hii ianzie kwenye barua.

Ghuba ya Tungue, kusini ya mto Ruvuma, iligombewa na Zanzibar na Wareno hadi Wareno walipoiteka mwaka 1887. Katika pwani hiyo ya kaskazini ya Msumbiji, watawala na masheikh waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Barua za aina hiyo za karne ya 19 zimehifadhiwa katika Arquivo Histórico de Moçambique, Maputo.

Karatasi ilikuwa tupu, lakini mwandishi hakupotea. Alianza kwa kumtaja Mungu, akamtaja aandikiwaye kwa heshima zake, akasalimu. Baada ya salamu ndipo akaleta haja. Mzigo wa kuelewa ulibaki kwa mpokeaji, nao haukuwa mwepesi: herufi fa iliweza kusomwa f au v, hata "fua" na "vua" zikafanana, na ba ikabeba b, p na mb. Wareno walilazimika kuweka wakalimani.

Utawala wao ulipoimarika mzigo ukahamishwa. Haja ikatakiwa ije kwa Kireno na kwa hati za Kirumi, na aliyejua kuandika tangu chuoni akahesabiwa hajui kusoma.

Kisanduku cha leo kinaweza kurudia jambo hilo bila mtu kukusudia. Mswahili huandika "Shikamoo, habari za asubuhi", akabonyeza kitufe cha kushuka mstari ili aendelee na haja yake. Katika programu nyingi za kompyuta kitufe hicho ndicho kinachotuma. Salamu huondoka peke yake, mashine hujibu kwa maelezo marefu, na haja bado haijaandikwa. Anayetengeneza kisanduku angeweza kukiacha kipanuke, kutuma kukawa na kitufe chake, na mashine ikaitikia salamu kwa ufupi, ikasubiri.