Kutafuta maana ya maisha wakati wa mitandao: mambo ambayo vijana na wazazi wanapashwa kufahamu

Saa nne za usiku, katika kartie moja ya muji wa Goma, umeme umekatika. Lakini ndani ya nyumba mwangaza mmoja ungali unawaka: ni simu ya kijana. Anasukuma kidole, picha inafuata picha. Mwenzake wa masomo amepiga picha mbele ya gari huko Canada. Mwingine amefunga ndoa. Mega zinapoisha, anabaki gizani na ulizo moja: « Wenzangu wote wameshafika. Miye maisha yangu inaendaka wapi? »

Ulizo hilo linasikilika Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira. Si ulizo jipya, lakini simu imelifanya kuwa kali zaidi.

Maana ya maisha ni kitu gani?

Mutu mwenye maisha yenye maana si lazima awe tajiri, wala si lazima awe na furaha kila siku. Ni mutu anayejua juu ya nini anaamuka asubuhi.

Muganga mmoja wa magonjwa ya akili, Viktor Frankl, aliyezaliwa Vienne, Austria, mwaka wa 1905, alichunguza sana jambo hili. Yeye alikuwa Muyahudi. Mwaka wa 1942 Wanazi walimupeleka kambini pamoja na jamaa yake, na baadaye akapitia Auschwitz. Baba yake, mama yake, ndugu yake na bibi yake, wote walikufa katika kambi. Yeye aliokoka, na mwaka wa 1946 akatoa kitabu juu ya mambo aliyoona humo.

Frankl alifundisha kwamba mutu anaweza kupata maana kwa njia tatu: kwa kazi au kitu anachofanya, kwa kupenda mutu ao kitu kizuri, na kwa namna anavyosimama mbele ya mateso asiyoweza kuepuka. Njia hizi zote tatu haziombi kutazamwa na watu. Wakaaji wa Kivu na Ituri, waliozoea kukimbia vita na kuanza tena, wanaweza kuelewa hasa ile ya tatu.

Mitandao inafanyaka kazi namna gani?

Facebook ilianza mwaka wa 2004, WhatsApp mwaka wa 2009, na TikTok ikafuata miaka michache nyuma yake. Facebook na TikTok zinapata pesa nyingi kupitia matangazo. Kadiri mutu anavyokaa ku simu, ndivyo matangazo yanavyoonekana. Kwa hiyo zimetengenezwa ili mutu asitoke upesi.

Mwaka wa 2006, fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alivumbua ukurasa usiokuwa na mwisho: unasukuma kidole, vitu vingine vinakuja. Baadaye yeye mwenyewe alisema wazi kwamba anajuta. Mwaka wa 2009 Facebook iliongeza alama ya « j'aime ». Tangu hapo watu wakaanza kuhesabu: wangapi wamenipenda leo?

Mashini inachagua pia nini ionekane. Kinachoshangaza ao kukasirisha kinapita mbele. Mama anayeamuka saa kumi na moja kwenda kununua samaki ku ziwa ili watoto wasome, huyo mashini haimutafute.

Kujilinganisha kunavyoumiza

Mwaka wa 1954, mbele ya simu hizi zote, mwanachuoni Leon Festinger alieleza kwamba mutu anajipima kwa kujilinganisha na wengine. Zamani kijana alijilinganisha na jirani yake. Aliona nyumba yake, na aliona pia njaa yake. Leo anajilinganisha na ulimwengu muzima, na anaona tu upande uliopangwa vizuri.

Wazee walisema: nyumba usiyolala ndani, hujui ila yake. Ndugu aliye Ulaya hapigi picha akitoka kazi ya usiku ku baridi, wala hapigi picha ya deni la nyumba. Lakini hapa nyumbani, kwa sababu ya picha moja, kuna mwenye kukopa ili avae kama wengine, kuna mwenye kuuzisha shamba la wazazi ili asafiri, na kuna mwenye kuzarau ufundi aliokuwa akijifunza.

Mwezi wa tano 2023, muganga mkuu wa serkali ya Marekani alionya kwamba vijana wanaopitisha zaidi ya saa tatu kila siku ku mitandao wana hatari mara mbili ya kuonyesha alama za huzuni nzito na wasiwasi.

Simu si adui

Ingekuwa uongo kusema simu inaharibu tu. Usiku wa 22 mwezi wa tano 2021, wakati volkano Nyiragongo ililipuka, jamaa zilizotawanyika zilitafutana kwa simu. Usiku ule ule, habari za uongo zilizunguka na kuongeza woga. Vijana wa LUCHA, walioanza Goma mwaka wa 2012, walitumia mitandao kudai maji na kazi. Chombo ni kile kile. Kinachobadilika ni kile mutu anakitafuta ndani yake.

Mufano wa kijana wa Goma

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka wa 1981. Alikuwa mutumishi wa OCC, ofisi inayochunguza bidhaa. Nyuma ya kazi, alikuwa akisaidia watoto wa barabarani kusoma. Mwaka wa 2007 alikataa pesa za rushwa ili chakula kilichooza kisipite na kuuzishwa kwa raia. Aliuawa mwezi wa saba mwaka ule, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025, Kanisa Katolika lilimutangaza mwenye heri huko Roma.

Siku alipokataa zile pesa, hakuna aliyekuwa akimutazama ku simu. Lakini watu walikingwa na chakula kibaya bila hata kujua jina lake.

Mambo ya kufanya

– Kuweka saa ya kufunga simu, hasa mbele ya kulala na wakati wa kula.
– Kuacha kufuata kurasa zinazokuachia wivu na huzuni kila mara.
– Kujifunza kazi ya mikono hata kama kuna diploma: kushona, kutengeneza simu, kulima, kufuga.
– Kuingia katika kundi la watu wanaoonana uso kwa uso: likelemba, kwaya, timu ya mupira, salongo ya kartie.
– Wazazi waulize bila kupiga kelele: « Mwanangu, leo umeona nini ku simu? »
– Ikiwa huzuni haiishi ao mutu anasema anataka kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe upesi ku kituo cha afya, na mutu anayemuamini amusindikize.

Maulizo ya kijana wa saa nne za usiku hayapate jibu ku simu. Kesho asubuhi, kuna mutu karibu yake anayemuhitaji: mudogo wake, jirani, mwalimu, muzee wa avenue. Huko ndiko anaweza kuanzia.